Maji Yanachemka, Lakini Hewa Iko?

Chumba kimoja, mtaa wa Ndosho mjini Goma, jioni, giza halijaingia vizuri. Mashine ya oksijeni inavuma pembeni ya kitanda. Imefutwa vumbi mpaka inang'aa, na juu yake kumetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mzee ameegemea mito mitatu, kanula, ule mpira mwembamba wa oksijeni, ikiwa puani, anavuta pumzi kwa mabega. Binti yake haelewi. Tangu asubuhi amepandisha kipimo kutoka lita 2 kwa dakika hadi 4, na baba bado anahema.

Anaonyesha kichupa cha maji kilichofungwa mbele ya mashine, kile cha kuilainisha hewa kwa unyevu. Mapovu yanapanda bila kukoma.

"Si unaona maji inachemka? Hewa iko."

Kanula inatolewa puani. Ncha zake mbili zinatumbukizwa ndani ya glasi ya maji safi.

Hakuna povu hata moja.

Kosa lilikuwa kwenye kifuniko cha kichupa. Asubuhi kilifunguliwa, kikaoshwa kwa sabuni, kikasuuzwa, kikarudishwa kikiwa kimekaa upande, hivi kwamba meno ya kifuniko hayakushika meno ya kichupa. Gesi ilitoka kwenye mashine, ikapita majini, ikapiga mapovu yale mazuri, kisha ikatoroka kwenye mwanya mwembamba pale juu kabla ya kuufikia mpira wa mgonjwa. Dawa yake ilikuwa kuzungusha kifuniko polepole kuelekea kushoto mpaka kidole kisikie kimedondokea mahali pake, ndipo kukaza kulia kwa nguvu ya mkono tu. Ncha zikarudishwa kwenye glasi, zikapiga mapovu. Kipimo kikarudishwa lita 2 hapohapo.

Kinachonirudia wiki hizi zote ni jambo moja. Nyumba ile haikuwa na uzembe. Mashine ilikuwa safi kuliko sahani za wageni. Hitilafu iliingia kwa mikono iliyokuwa ikisafisha, tena saa ileile ya kusafisha.

## Mikono inayopenda

Ukikaa na mafundi wa vifaa vya hospitali utaona hitilafu nyingi za majumbani zina asili hiyo. Sponji inayochuja hewa ya mashine imefuliwa ikarudishwa mbichi. Kanula imechemshwa kwenye sufuria kama chupa ya mtoto, mpira ukapinda na kuganda. Kichupa kimesuuzwa kwa javeli, ile dawa ya klorini, harufu ikabaki, mgonjwa akakohoa usiku kucha. Pua imekauka, mtu akaipaka mafuta ya mgando kwa huruma.

Kwa hiyo sipendi ushauri unaosema tu "safisha kila wiki". Umekatwa katikati. Kuosha ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba ulichokifungua kimerudi kinavyotakiwa.

Vipimo viwili havigharimu kitu. Cha kwanza ni ile glasi ya maji. Cha pili ni kubana: bana mpira kwa vidole viwili karibu na kichupa, uhesabu hadi kumi. Vichupa vingi vina kivalvu cha usalama kwenye kifuniko, na gesi ikikosa njia, kinapiga filimbi. Ukisikia filimbi, na kile kigololi kwenye kipimo cha mbele kikashuka, kifuniko kimeziba sawasawa. Pakiwa kimya kabisa, kuna mahali panavuja: kifuniko, kiungo cha kichupa na mashine, au kichupa chenyewe kimepasuka uzi.

Na kigololi hicho kisomwe macho yakiwa sawa nacho. Inama. Mstari upite katikati ya kigololi, wala usipite juu yake au chini yake. Mtu aliyesimama anasoma kipimo kisicho cha kweli, na kwa mgonjwa aliyeandikiwa lita 1, nusu lita ni kubwa.

Nirudi kwenye zile lita 4, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulishtuka zaidi. Kama usiku mtu mmoja angekigusa kifuniko bila kujua, kikakaa vizuri, mzee angepokea mara mbili ya alichoandikiwa. Si wagonjwa wote wenye ugonjwa sugu wa mapafu wanaovumilia hilo. Baadhi yao wakipewa oksijeni kupita kiasi, kaboni dioksidi inajaa mwilini, wanasinzia, na familia inadhani wamepata usingizi mzuri. Ndiyo maana madaktari huwawekea wengi wao lengo la oksijeni damuni la asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidoleni, ambalo kwa mtu mwingine lingeonekana dogo. Pumzi ikibadilika ghafla, kagua njia ya hewa kutoka mashine hadi puani kabla ya kugusa kitasa cha kipimo. Ikiwa njia ni nzima na mgonjwa bado anahema, hilo ni la daktari, usiku uleule.

## Ndani ya sanduku

Mashine haitengenezi oksijeni. Inavuta hewa ya chumba, ambayo ina oksijeni asilimia 21 na naitrojeni asilimia 78, inaibana kwa kompresa, inaipitisha kwenye mitungi miwili iliyojaa punje za zeolaiti. Zeolaiti inashika naitrojeni hewa ikiwa na mgandamizo, oksijeni inapita. Baada ya sekunde chache mashine inahamia mtungi wa pili, na ule wa kwanza unashushwa mgandamizo uteme naitrojeni yake nje. Ule mpumuo unaosikika, *pshhh*, kila baada ya sekunde kadhaa ni mtungi unatema. Kinachotoka mbele, mashine ikiwa nzima, ni oksijeni ya takriban asilimia 90 hadi 96.

Zeolaiti ina udhaifu mmoja mkubwa: inapenda maji kuliko inavyopenda naitrojeni. Unyevu ukiingia, punje zinashika maji na haziyaachii kirahisi, nafasi ya naitrojeni inapungua, na naitrojeni inaanza kupita pamoja na oksijeni.

Mapovu yanaendelea vilevile. Kigololi kinakaa palepale.

Hapo ndipo sponji mbichi inapoua mashine, taratibu, bila kelele. Na mashine iliyofungwa stoo miezi sita kwa sababu mgonjwa amepona au amefariki inaharibika kwa njia hiyohiyo, maana unyevu wa hewa unaingia kidogo kidogo. Kama unaihifadhi, iwashe kila mwezi kwa saa chache, bila mgonjwa, chumba kikiwa kikavu.

## Vumbi letu

Vitabu vya mashine vimeandikwa kwa ajili ya nyumba zenye zulia. Vinasema sponji ya nje ioshwe mara moja kwa wiki. Anayekaa Goma kando ya barabara isiyo na lami anajua vumbi letu ni jingine. Ni mchanga wa mwamba wa volkano, mweusi, wenye ncha. Kuanzia Juni hadi Agosti linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Mimi ningesema mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, na kila siku endapo mlima unamwaga majivu. Majivu ya volkano ni vipande vidogo vya kioo na mwamba, yanatafuna kompresa.

Anza kwa kuzima mashine na kuchomoa waya. Toa sponji nyuma au ubavuni, ipeleke nje, ikung'ute huko, usiikung'utie juu ya mashine. Beseni la maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo. Ibonyeze na kuiachia, ibonyeze na kuiachia. Usiikamue kwa kuisokota kama nguo, maana inachanika ndani na tundu halionekani mpaka vumbi limeshapita. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Igandamize ndani ya taulo kavu, kisha iache kivulini kwenye sahani mpaka ikauke kabisa.

"Kabisa" maana yake uibane kwenye karatasi laini na karatasi isipate unyevu. Kwa hali ya hewa ya hapa, msimu wa mvua, hilo linaweza kuchukua usiku mzima. Kwa hiyo nunua sponji mbili siku unaponunua mashine. Hili ni la lazima, si anasa. Mgonjwa anayehitaji oksijeni saa 24 hawezi kusubiri sponji ikauke, na mashine haipaswi kukimbia bila sponji.

Wengine hukata kipande cha godoro wakakichomeka pale. Godoro lililoshikana sana linaziba hewa, kompresa inajitahidi, inapata joto, kiwango cha oksijeni kinashuka. Lililo wazi sana linapitisha mchanga. Kama sponji ya asili imepasuka na nyingine haijafika, muulize fundi akupe inayofanana kwa matundu, kwa sababu unene peke yake haukuambii kitu. Pia kuna modeli zisizo na sponji ya nje kabisa. Usilazimishe kutafuta kisichokuwepo, soma kitabu chake.

Ndani kuna chujio la pili, la nyuzi zilizobanwa, kabla hewa haijaingia kwenye kompresa. Hilo halioshwi. Likiwa jeusi linabadilishwa. Ukiliosha, umeligeuza kuwa mlango wa maji kuelekea zeolaiti.

Mwili wa mashine unafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, waya ukiwa umechomolewa, na hakuna kupulizia dawa moja kwa moja kwenye matundu. Kitambaa cha kufuma nacho kiondolewe, samahani kwa aliyekifuma. Mashine ikae angalau sentimeta 30 kutoka ukutani na kwenye pazia, mbali na jiko. Moshi wa babula unaingia kwenye mashine, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya makaa, haizuiliwi na sponji.

## Maji gani?

Hapa ndipo nilikwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Kitabu kinasema: maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa. Basi. Mwandishi wa kitabu hicho anadhani yanapatikana dukani karibu na mkate.

Tuyapitie tuliyonayo. Maji ya ziwa, yale ya bidoni la njano, yana tatizo ambalo kuchemsha hakuliondoi. Ziwa Kivu lina chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka, magnesiamu na baikaboneti hasa, na ndiyo sababu sufuria zetu zinaota ganda jeupe ndani. Ukichemsha, vijidudu vinakufa lakini madini yanabaki, tena yanakolea kadiri mvuke unavyoondoka. Ganda hilohilo linaota kwenye vitundu vidogo vya kile kijiti kilichozama ndani ya kichupa, vinaziba, mapovu yanakuwa machache na makubwa.

Maji ya mvua? Kwingine ningeyasifu. Hapa mvua inapita kwenye moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kabla ya kufika kwenye bati, inabeba asidi na floridi. Halafu kuna bati lenyewe, vumbi lake na kinyesi cha ndege.

Maji ya betri yanahitaji onyo kali zaidi. Kwenye gereji kuna dumu la maji yaliyokenekwa na kuna dumu la asidi ya betri, na yote mawili watu huyaita "maji ya betri". Mgonjwa akipumua mvuke wa la pili, ni balaa. Usinunue humo kitu chochote cha kuingia kwenye kichupa hiki.

Maji yaliyokenekwa ya duka la dawa ndiyo ya kwanza. Kichupa kinakula kidogo, chini ya nusu lita kwa kujaza mara moja, lakini kikibadilishwa kila siku ni zaidi ya lita 10 kwa mwezi, na familia inaanza kuhesabu pesa.

Inawezekana kukeneka nyumbani. Sufuria kubwa, maji robo tu ya kina chake, kisahani kimegeuzwa chini katikati, juu yake bakuli zito la chuma cha pua lililochemshwa kwanza. Funika kwa mfuniko uliopinduliwa, kishikio kikielekea ndani, juu ya bakuli. Juu ya mfuniko mwaga maji ya baridi, uyabadilishe yakipata joto. Moto mdogo. Mvuke unagonga mfuniko, unageuka matone, matone yanafuata kishikio na kudondokea bakulini. Madini yanabaki chini. Ni kazi ya subira na inakula makaa, na ifanyike jikoni, kamwe isifanyike chumbani kwa mgonjwa. Yaliyopatikana yatiwe kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, yafunikwe, yatumike siku hiyohiyo.

Na kama hata hilo haliwezekani, maji safi ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa ni afadhali kuliko maji mabichi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, na watu huuliza kama zinatosha. Zinatosha. Yakitokota kwa nguvu dakika moja, vijidudu vya magonjwa vimekufa. Ukiyaacha dakika tatu hupotezi kitu. Ila ganda jeupe litakuja, na itabidi kulipiga siki mara kwa mara.

## Kuongeza maji juu ya maji

Kosa ninaloliogopa kuliko yote katika kichupa ni la huruma pia: maji yamepungua, mtu anaongeza.

Maji ya jana yameshakaa siku nzima kwenye joto la chumba, yakipigwa hewa. Ukiongeza mapya juu yake, umeyapa makazi. Pitisha kidole ndani ya kichupa kilichoongezwa maji wiki nzima. Kinateleza. Utelezi huo ni utando wa bakteria, na mapovu yanapopasuka juu yanarusha matone madogo yanayofuata mpira hadi kwenye mapafu yaliyoshadhoofika. Bakteria kama Pseudomonas na Legionella wanaishi vizuri sana mahali pa namna hiyo.

Kila siku, basi, mwaga yote. Suuza kwa maji ya moto kiasi, jaza mapya kati ya mstari wa chini na mstari wa juu. Ukivuka mstari wa juu, maji yanasukumwa mpirani na mgonjwa anapigwa matone puani usiku. Maji yawe ya joto la chumba. Ukitia ya uvuguvugu ukidhani unamsaidia, mvuke utaganda njiani, hasa kwa usiku wetu wa baridi na mpira uliolala kwenye sementi.

Mara mbili kwa wiki, fungua vyote: kichupa, kifuniko, kijiti. Sabuni laini, brashi ndogo ya kichupa pekee. Kisha loweka kwenye siki nyeupe, sehemu moja ya siki kwa sehemu tatu za maji, dakika 30. Siki inayeyusha ganda la madini na inapunguza vijidudu vingi, ingawa haifikii dawa za hospitali. Suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe. Pindua juu ya kitambaa safi, kikauke.

Javeli iwe mbali. Ukiichanganya na siki, hata mabaki tu ya moja kwenye nyingine, inatoka gesi ya klorini, na hii ni nyumba yenye mtu asiye na pumzi ya kupoteza.

## Je, kama kichupa kingeondoka?

Nimeandika mistari yote hiyo kuhusu kichupa, na katikati ya kuandika ndipo swali lenyewe likanikaba. Kinavuja, kinaota utando, kinadai maji ambayo mji hauna, kinaiba kipimo bila mtu kujua. Kwa nini kipo?

Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi hakihitajiki.

Pua yenyewe ni mashine nzuri ya kulainisha hewa. Kwa mtu mzima anayepokea hadi lita 4 kwa dakika kupitia kanula ya puani, pua yake inatosha, na kwa mashine ya nyumbani hoja ina nguvu zaidi kwa sababu gesi inatoka ikiwa na joto la chumba, tofauti na ile ya mtungi wa oksijeni ambayo ni baridi na kavu kabisa. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hivyo kuhusu watoto wanaopewa oksijeni kwa vipimo vidogo vya kawaida kwa kanula: hakuna lazima ya kulainisha.

Nilisita kuliandika hili. Kichupa kinachopiga mapovu ndicho kitu pekee kwenye mashine kinachoonekana kikifanya kazi. Kukiondoa ni kama kuiondolea nyumba ushahidi wake, hata kama ushahidi ulikuwa wa uongo. Kuna pia wale ambao hawapaswi kuguswa: mwenye tundu la kupumulia shingoni lazima alainishiwe hewa, maana pua yake imerukwa. Anayepokea kipimo kikubwa, anayetokwa damu puani, anayelalamika ukavu, hao kichupa kinawafaa, kikitunzwa. Kwa hiyo uamuzi ni wa daktari au muuguzi anayemfuatilia, hauchukuliwi kwa kusoma makala. Lakini swali liulizwe. Katika nyumba nyingi hakuna aliyewahi kuliuliza, kichupa kilikuja na mashine, basi kikafungwa.

Ukiambiwa ndiyo, kanula inachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kutolea. Modeli nyingine zinadai kile kiungo kidogo cha plastiki chenye ngazingazi, chembamba mbele na kinene nyuma. Kitafute kabla ya kukiondoa kichupa, usije ukabaki na mpira mkononi.

## Kilicho puani

Kanula ifutwe ncha zake kila siku kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na mara moja kwa wiki ioshwe yote. Maji yakibaki ndani ya mpira, ichomeke kwenye mashine bila mgonjwa na uiache ipulizwe mpaka ikauke. Haichemshwi. Baada ya wiki mbili hadi nne, au ikigeuka njano na ngumu, itupwe, na itupwe mara moja mgonjwa akipona mafua. Mpira mrefu unaotoka mashine hadi kitandani unakaa takriban miezi mitatu, na usizidi mita 15. Kagua mguu wa kitanda haujaukalia.

Masikioni na mashavuni, pale unapochubua, weka kipande cha pamba au kitambaa laini. Kwa pua kavu tumia jeli ya maji kutoka duka la dawa. Mafuta ya mgando hayatakiwi puani wala midomoni kwa anayepumua oksijeni, na anayeshika mtungi asiwe na mafuta mikononi, kwa sababu oksijeni nyingi inaugeuza mwako mdogo kuwa moto mkubwa. Shuka na nguo nazo zinashika gesi. Kanula isiachwe ikipuliza juu ya blanketi wakati mgonjwa ameenda chooni. Zima.

## Umeme ukikatika

Tunajua sote kinachofuata: mtu anawasha mshumaa.

Usiwashwe chumba hicho. Taa ya betri iwe imening'inizwa karibu na kitanda, mahali mkono unapofika gizani, na moto wowote, sigara, babula, mshumaa, ukae angalau mita 3 kutoka kwa mgonjwa, mashine na mpira.

Mtungi wa oksijeni wa akiba ukae tayari na kipimo chake kimefungwa. Hesabu yake si ngumu: ujazo wa mtungi kwa lita, mara mgandamizo unaosomeka. Mtungi wa lita 10 wenye bari 150 una lita 1,500 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika ni dakika 750, yaani saa 12 na nusu, na usipange kuumaliza wote. Andika jibu kwenye plasta, ibandike kwenye mtungi. Saa nane usiku hakuna anayeweza kuzidisha.

Mashine ichomolewe mara tu umeme unapokatika, kwa sababu unaporudi huja na mshtuko. Subiri dakika tano hadi kumi utulie. Stabilizeta iwe na uwezo wa kubeba mashine inapoanza kuzunguka. Kwa mashine ya lita 5, inayokula wati 300 hadi 600, chini ya kVA 1 ni kujidanganya. Hakuna kuchomeka kwenye ralonji moja na pasi. Na kama mashine ilitoka Marekani, soma bamba lake kabla ya chochote: volti 115, hezi 60. Transfoma inabadilisha volti tu. Hezi zinabaki 50, kompresa inazunguka polepole na kupata joto.

## Kisichoonekana kwa macho

Liko jambo moja ambalo glasi ya maji haiwezi kulisema: je, kinachopiga mapovu ni oksijeni? Zeolaiti ikishachoka, mashine inaweza kupuliza lita 2 kamili za kitu kinachokaribia hewa ya kawaida. Mashine nyingi zina taa inayobadilika rangi kiwango kikishuka chini ya takriban asilimia 82 hadi 85. Taa hiyo ijulikane na kila mtu nyumbani, na isifunikwe kwa kitambaa. Zile za zamani hazina. Fundi mwenye kipimo cha oksijeni aipime kila baada ya miezi michache, baada ya kuiacha ikimbie walau dakika kumi, kwenye kipimo anachotumia mgonjwa na kwenye kipimo cha juu. Ukiona unga mweupe mkavu kwenye tundu la kutolea, kabla ya maji, hiyo ni zeolaiti inasagika, mpigie leo.

Kuna kidirisha kidogo kinachohesabu saa. Mwezi mzima bila kuzima ni saa 720. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa, sponji, kanula, kipimo cha kidoleni kabla ya chai, mkono ukiwa na joto na kucha bila rangi.

Mzee wa Ndosho, daktari wake alikubali kichupa kiondoke. Usiku wa kwanza binti hakulala vizuri, mashine ilikuwa kimya mno bila mapovu yake. Sasa asubuhi glasi inaletwa, ncha zinatumbukizwa, zinapiga mapovu, zinafutwa, zinarudi puani. Kichupa kiko kabatini, kikavu, kifuniko kando yake.